Taa kwenye swichi ya mguu uliyoiunda mwenyewe: njia tano tukizilinganisha

Kabla hujatoboa tundu la taa kwenye boksi, amua taa hiyo ikuambie nini. Hapa Moshi, na hata kwa wapiga gitaa wa Arusha wanaonipigia simu, wengi huanza na swali la rezista ya omu ngapi. Hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: unataka taa ikuambie kwamba mguu wako umekanyaga sawasawa, au kwamba kifaa kimebadili hali, au unataka tu uione swichi ilipo kanisa likiwa giza? Hizo ni habari tatu tofauti, na njia inayotoa moja vizuri mara nyingi hukosea nyingine.

Swichi ninayoizungumzia ni ya bonyeza-achia. Ukikanyaga inaunganisha, ukiondoa mguu inakata. Ndiyo inayotumika kuvuta sauti ya kinanda, kubadili kasi ya mzunguko wa sauti ya ogani, kugongea tempo kwenye mashine ya mwangwi, au kuendesha lupa ya mpiga gitaa, yaani mashine inayorekodi kipande na kukirudiarudia. Siyo ile ya bonyeza-ikae, inayobaki ilipo mpaka uikanyage tena. Kuiwekea taa hiyo ya pili ni kazi nyepesi, kwa sababu swichi yenyewe inakumbuka ilipo. Bonyeza-achia haikumbuki kitu. Kumbukumbu imo ndani ya kifaa, na taa yako iko nje. Ugumu wote unaanzia hapo.

Inafaa kujua kinachopita kwenye waya. Ukichomeka pedali, kinanda kinaweka volti ndogo kwenye ncha ya plagi, mara nyingi 5 au 3.3, kupitia rezista iliyo ndani yake. Ukikanyaga, swichi inaunganisha ncha na mwili wa plagi, volti inaanguka hadi sifuri, na kinanda kinajua mguu umefika. Rezista ya ndani ikiwa ya kilo-omu 10 na volti zikiwa 5, mkondo wote ni miliampea 0.5. Ni ishara tu. Anayetaka kuwasha taa kwa mkondo huo anaomba maji kwa mtu aliyebakiwa na kikombe kimoja.

Mimi hupima njia zote kwa kipimo kimoja: taa ikifa, swichi isife nayo. Kwaya ikiwa katikati ya wimbo, mpiga kinanda anaweza kuishi bila taa. Bila pedali ya kuvuta sauti hawezi, na waimbaji watalisikia pengo kabla yake. Kwa hiyo jedwali hili lina safu ya betri kuisha karibu kabisa na jina la njia.

| Njia | Betri ikiisha | Taa inachosema kweli |
|---|---|---|
| Taa inayonywa mkondo wa kinanda | Haina betri | Hali ya waya, kama kinanda kitakubali |
| Upande wa pili wa swichi, betri yake | Swichi inaendelea | Mguu umeshuka |
| Optokapla | Swichi inakufa | Mguu umeshuka na betri ipo |
| Transista inayochungulia waya | Swichi inaendelea | Kinanda kimewaka, waya ni mzima, swichi imefika au haijafika |
| Chipu ya kukumbuka | Inategemea ulivyoiunganisha | Idadi ya mara ulizokanyaga, si hali ya kifaa |

Kunywa mkondo wa kinanda

Hii ndiyo ya kwanza kumjia kila mtu, kwa sababu haitaki betri. Unaweka LED kwenye waya uleule. Kuna namna mbili na zote zina shida.

Ukiiweka mfululizo na swichi, LED nyekundu hula kama volti 1.8. Kwa hiyo unapokanyaga, ncha ya plagi haishuki hadi sifuri. Inabaki kwenye 1.8 hivi. Chipu nyingi za volti 5 huhesabu kwamba waya uko chini pale tu volti zinapopungua 1.5. Kinanda kinabaki hakijui kama umekanyaga. Ukiiweka sambamba na swichi, iwake mguu ukiwa juu, kosa linageuka: sasa LED inauzuia waya usipande kupita 1.8, wakati kinanda kinatarajia zaidi ya 3.5 ili kiseme swichi iko wazi. Kinanda kimoja kitakubali, cha jirani kitakataa, na hicho kilichokubali jana kinaweza kukataa leo. Na taa yenyewe, kwa miliampea 0.3, utaiona usiku tu.

Ipo sehemu moja ambapo njia hii ni halali. Baadhi ya amplifaya za gitaa huja na swichi ya kiwandani yenye taa, na waya wake ni wa nyuzi mbili tu. Amplifaya hizo zimeundwa zitoe mkondo wa kutosha. Kama unaunda swichi ya kuchukua nafasi ya iliyovunjika, fungua ile ya zamani, ichore ilivyo, uinakili bila kubadili rangi ya LED, maana rangi ikibadilika na volti inabadilika. Kwa kinanda, iache njia hii.

Upande wa pili wenye betri yake

Hapa unatumia swichi yenye pande mbili zinazobonyezwa na mguu mmoja lakini hazigusani kwa umeme. Upande wa kwanza unaenda kwenye kinanda. Upande wa pili una betri, rezista na LED, basi. Mizunguko miwili ndani ya boksi moja, kama wapangaji wawili wanaotumia mlango mmoja wa mbele na kila mmoja ana mita yake.

Ninaipenda kwa usafi wake. Betri haina namna ya kufika kwenye kinanda. Hata ukiamua kutumia chaja ya simu badala ya betri, mvumo wa chaja hauwezi kupanda kwenye spika, ili mradi usiruhusu uzi wowote wa taa uguse boksi la chuma. Na betri ikiisha, kinanda hakina habari.

Tatizo ni kuipata swichi yenyewe. Zile swichi nzito za kukanyaga za pedali za gitaa zinazopatikana kirahisi, hasa zenye miguu tisa, kwa kawaida ni za bonyeza-ikae. Ya bonyeza-achia yenye miguu sita ni ya kuagiza Dar es Salaam, na muuzaji asipokuelewa utaletewa ile nyingine. Mwambie aipime kwa mita kabla ya kuifunga: akibonyeza iunganishe, akiachia ikate.

Mimi siiagizi tena. Natumia maikroswichi mbili, zile ndogo za mstatili zenye kijimkono cha bati na miguu mitatu, nikizipanga ubavu kwa ubavu chini ya ubao mmoja. Mafundi redio wanazo kwenye makopo yao, zimetolewa kwenye mashine za kudurufu, printa na oveni za maikrowevu. Kama unayoitaka bado imo ndani ya maikrowevu, usiifungue mwenyewe: kapasita iliyomo hubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwachie fundi anayejua kuimaliza nguvu.

Ubao wa juu ni kipande cha mninga kutoka kwa seremala, unene wa sentimita 2 unatosha, na bawaba ndogo nyuma. Chini mbele naweka springi. Usiutegemee ule mkono wa maikroswichi kuurudisha ubao; utachoka baada ya miezi. Na weka kipande cha mpira wa ndala mahali ubao unapogota, ili uzito wa mguu ubebwe na mpira, usibebwe na swichi. Pedali niliyoiunda bila mpira huo ilipasuka swichi moja ndani ya msimu wa Kwaresima.

Sasa jambo ambalo watu hulipita. Taa kwenye upande wa pili inasema kwamba upande wa pili umeunganika. Haisemi chochote kuhusu wa kwanza. Kijimkono cha taa kikiguswa mapema kidogo, taa itawaka wakati kinanda bado hakijapata ishara, na mpiga kinanda ataiamini taa na kulaumu kinanda. Kwa hiyo kunja kijimkono cha swichi ya taa kidogo, kichelewe. Kanyaga polepole sana kwa kidole cha mkono huku ukisikiliza: mlio wa kwanza uwe wa kinanda, wa pili wa taa. Hapo taa ikiwaka, una hakika ya kutosha kwamba sauti imeshashikwa.

Hesabu ya rezista ni fupi. Toa volti za LED kutoka kwenye volti za betri, gawa kwa mkondo unaoutaka. Betri ya volti 9, LED nyekundu ya volti 2, mkondo wa miliampea 5: 7 kugawa kwa 0.005 ni omu 1,400, chukua kilo-omu 1.5. Betri mbili ndogo za redio, jumla volti 3: 1 kugawa kwa 0.005 ni 200, chukua omu 220. Betri mbili za redio zinanipendeza zaidi kuliko ile ya mraba ya volti 9, kwa sababu zinakaa na umeme mwingi zaidi na duka lolote la mtaani linazo, hata saa mbili usiku mtaani Pasua. Ila usiziwekee LED ya bluu au nyeupe. Hizo zinataka kama volti 3 zenyewe, na betri zikichoka kidogo tu zitafifia.

Kuna ujanja mmoja kwenye maikroswichi ambao unastahili kujulikana. Miguu yake mitatu ni wa pamoja, unaoungana ukibonyeza, na unaoungana ukiwa umeachia. Wengi huunganisha taa kwenye ule wa kubonyeza. Ukiiunganisha kwenye ule wa kuachia, taa inawaka muda wote na kuzimika unapokanyaga. Kwa mkesha au onyesho la usiku hii ni bora mara mbili: unaiona swichi ilipo kabla hujaifikia, na kuzimika kwake kunakuambia umefika. Ipunguze mkondo hadi miliampea 1, yaani rezista ya kilo-omu 1 kwa volti 3. Betri mbili nzuri za alkalini zenye miliampea-saa 2,000 hivi zitaiwasha kwa saa 2,000 kwenye karatasi, siku 83. Weka swichi ndogo ya kuzima ubavuni, la sivyo itawaka kabatini Jumatatu hadi Jumamosi bila mtu wa kuiona.

Optokapla

Hii huchaguliwa na aliye na swichi ya upande mmoja tu. Betri inasukuma mkondo kupitia swichi, taa yako, na LED iliyojificha ndani ya optokapla kama PC817, zote mfululizo. Mwanga wa ndani unaifungua transista iliyo upande wa pili, nayo inaunganisha ncha na mwili wa plagi. Kwa volti 9 na rezista ya kilo-omu 1, taa na optokapla vinapata karibu miliampea 6, inatosha. PC817 unaitoa bure kwenye chaja mbovu na pawasaplai za dekoda.

Ni mzunguko mzuri, na taa yake ni ya kweli zaidi kuliko ile ya upande wa pili, kwa kuwa mkondo unaoiwasha ndio uleule unaotuma ishara. Lakini imeshindwa kwenye kipimo changu. Betri ikiisha, pedali inakufa. Niliipeleka moja kwenye ibada ya Pasaka alfajiri nikiwa nimesahau kuiwekea betri mpya baada ya mazoezi ya jioni. Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda sawa. Wa tatu nilikanyaga ubao mtupu, na kwaya ikaimba juu ya noti zinazokatika kama shanga zilizotoka kwenye uzi. Sijaitumia tena kwenye pedali ya kuvuta sauti. Kwa kitu ambacho kukikosa si janga, mfano kugongea tempo, iendelee.

Transista inayochungulia

Hii ndiyo ninayoiweka siku hizi, na nasikitika sikuijua mapema, maana vitu vyote vyake vilikuwa kwenye redio mbovu nyumbani.

Swichi inabaki ya upande mmoja, imeunganishwa na kinanda kama kawaida, bila kitu katikati. Pembeni yake unaweka transista ya kawaida ya NPN: C945, C1815 au BC547. Besi yake inagusa ncha ya plagi kupitia rezista kubwa, kilo-omu 100. Emita inaenda kwenye mwili wa plagi na kwenye hasi ya betri. Kolekta inavuta LED na rezista ya omu 470 kutoka chanya ya betri mbili za redio. Rezista ya mega-omu 1 kati ya besi na emita inaituliza pale waya unapokuwa haujachomekwa.

Fuata kinachotokea. Kinanda kimewaka, mguu uko juu, ncha ina volti 5. Mkondo mdogo sana, kama sehemu 40 za milioni ya ampea, unaingia kwenye besi, transista inafunguka, taa inawaka kwa nguvu ya betri yako. Unakanyaga: ncha inaanguka sifuri, besi inakosa chakula, taa inazimika. Unazima kinanda: volti zinaondoka, taa inazimika na betri inapumzika bila wewe kukumbuka chochote. Waya ukikatika ndani, taa haiwaki kabisa. Taa hii inausoma waya wenyewe, haisomi mguu wako. Ukiikuta inawaka kabla ya ibada, umejua kwa jicho moja kwamba kinanda kiko hewani, waya ni mzima na swichi haijagota chini.

Na betri ikiisha, rezista ya kilo-omu 100 iliyobaki kwenye waya ni kama inzi begani kwa tembo. Pedali inaendelea.

Kinanda kinachotaka swichi iliyofungwa muda wote na kufunguka ukikanyaga, kama pedali za Yamaha zilivyo, kitakupa taa kinyume: inazimika ukiachia, inawaka ukikanyaga. Hakuna cha kubadili kwenye mzunguko. Pia vinanda vingi husoma aina ya pedali wakati wa kuwashwa, kwa hiyo usikanyage wakati unawasha. Ukikanyaga, vitaelewa kinyume mpaka uzime tena. Taa hii itakuonyesha kosa hilo halipo kwenye swichi yako.

Ina masharti mawili. La kwanza, pima kabla ya kuchomea risasi. Chomeka waya kwenye kinanda, weka mita kwenye volti za DC, uzi mwekundu kwenye ncha na mweusi kwenye mwili. Ukisoma 3.3 au 5 hivi, endelea. Ukisoma hasi, au mita inacheza bila kutulia, hicho si kifaa cha njia hii; amplifaya nyingine za gitaa hupitisha volti kubwa zaidi au hata sauti yenyewe kwenye tundu la swichi. Kisha unganisha transista na upime tena. Volti zikishuka kidogo, tuseme kutoka 5 hadi 4.6, uko salama. Zikishuka hadi karibu 3, kinanda chako kina rezista kubwa ndani, na unamnyang'anya kikombe chake. Panda hadi kilo-omu 470 na ukubali taa hafifu, au tafuta transista ya aina nyingine, 2N7000, ambayo geti lake (mguu unaoshika nafasi ya besi) halinywi mkondo wowote wa kuhesabu. Duka moja likikupa BS170 badala yake, inafaa, ila miguu yake imegeuka: ukiitazama usoni pale palipo bapa, 2N7000 ni sosi, geti, dreni, BS170 ni dreni, geti, sosi. Miguu ya transista za kawaida nayo inatofautiana, C945 na C1815 besi yao iko kulia, BC547 iko katikati.

Sharti la pili: tumia betri, siyo chaja. Hapa hasi ya betri imeungana na mwili wa plagi, kwa hiyo chaja yoyote ya bei poa italeta mvumo wake moja kwa moja kwenye spika.

Chipu ya kukumbuka

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayoombwa zaidi. Mtu anasema: nataka nikikanyaga taa iwake, nikikanyaga tena izimike, ili nijue ogani iko kwenye kasi au polepole. Inawezekana. Chipu ya CD4013, inayofanya kazi kuanzia volti 3 hadi 15, hugeuza hali yake kila inapopokea mpigo. Kwa kuwa swichi yoyote hudunda milisekunde chache inapogusana, lazima uulainishe mpigo kwa rezista na kapasita, kilo-omu 100 na nanofaradi 100 zitakupa kama milisekunde 10, na kwa kuwa 4013 haipendi mpigo unaopanda polepole, unahitaji chipu nyingine, 40106, mbele yake kuunyoosha. Tayari una chipu mbili kwa ajili ya taa moja.

Gharama siyo hoja yangu. Hoja ni kwamba chipu hiyo inahesabu mikanyago yako na kudhani kifaa kimeihesabu vilevile. Katika mkesha mmoja umeme ulikatika, jenereta ikawashwa, kinanda kikaanza upya na ogani ya polepole. Taa ya betri haikuguswa na chochote. Ilibaki inawaka kama ilivyokuwa.

"Fundi, taa inasema kasi. Mbona nasikia polepole?" mwalimu wa kwaya aliniuliza baada ya pambio.

"Sikiliza masikio yako, mwalimu. Taa imepitwa."

"Basi ing'oe. Kitu kinachonidanganya mbele ya waimbaji sikitaki."

Niliing'oa wiki hiyohiyo, na alikuwa sahihi. Mahali ambapo umeme hukatika, taa inayokumbuka na kifaa kinachosahau hawawezi kukaa nyumba moja. Ukiilisha chipu hiyo kutoka kwenye soketi moja na kinanda, na ukiiwekea kapasita ya kuianzisha ikiwa imezimika, utaziba pengo hilo moja. Bado mtu akibadili kasi kwa kitufe cha juu ya kinanda, taa haitajua.

Kwa lupa hali ni ngumu zaidi. Lupa nyingi za kitufe kimoja, mkanyago wa kwanza unarekodi, wa pili unacheza, wa tatu unaongeza juu yake, wa haraka mara mbili unasimamisha, wa kushikilia unafuta. Taa yenye hali mbili haiwezi kufuata hadithi yenye sura tano. Hata ukiandika programu kwenye ATtiny85, chipu ndogo ya kompyuta, ipime muda wa kila mkanyago, bado inakisia tu.

Taa ya hali inayosema kweli ni ile iliyo ndani ya kifaa. Kama kifaa ni pedali ya sauti uliyoichomea mwenyewe, vuta nyuzi mbili kutoka kwenye LED yake hadi kwenye boksi la swichi, kazi imekwisha. Kama ni kinanda cha dukani, kigeuze kidogo ili taa zake za mbele uzione kutoka ulipoketi. Hiyo imewasaidia wapiga kinanda wengi ninaowajua kuliko chipu yoyote.

Nani achukue ipi

Mpiga kinanda wa kwaya mwenye pedali ya kuvuta sauti: transista. Mita na redio mbovu ndivyo pekee vinavyokutenga nayo. Usipokuwa na mita na hutaki kuazima, chukua upande wa pili, kwa sababu huko hakuna kosa unaloweza kufanya likakifikia kinanda.

Mwalimu anayefundisha watoto kukanyaga kwa wakati anafaidika na upande wa pili uleule, taa ikiwa kwenye mguu wa kubonyeza. Mtoto anaona mwanga na kusikia sauti kwa pamoja, na ule mchelewo mdogo niliousema unamzoesha kukanyaga hadi chini.

Kijana mmoja wa Arusha, anayepiga gitaa na lupa kwenye bustani za hoteli upande wa Njiro, alinitaka nimuundie taa ya hali. Alinisalimu, "Shikamoo fundi," kisha akaeleza kwa kirefu, na nilimwelewa: jioni ikiingia hajui kama anarekodi. Nilimshauri taa ya kuiona swichi tu, ile inayozimika ukikanyaga, na lupa yenyewe aipandishe juu ya kiti mbele yake ili taa zake ziwe usawa wa macho. Alitaka bluu. Tukajaribu ya bluu na ya kijani nje saa tisa alasiri: ya bluu ilimezwa na jua, na usiku ilimchoma macho. Kijani ndiyo jicho la binadamu linaiona kwa urahisi kuliko rangi nyingine, na LED za kijani za siku hizi zinaonekana vizuri hata kwa miliampea 1 au 2. Ila za kijani kibichi kabisa zinataka volti karibu 3 kama za bluu, kwa hiyo yake ilikwenda na betri tatu na rezista ya kilo-omu 1.

Tundu la LED ya milimita 5 nalitoboa milimita 5 kamili, nikiisukuma taa kutoka ndani mpaka ukingo wake ugote, halafu tone la gundi. Liweke mbele ya ubao, upande wa vidole, sentimita 3 au 4 nje ya mahali kiatu kinapofika. Boksi la kijana huyo nililitoboa kwanza karibu na bawaba kwa sababu nyaya zilikuwa fupi, na kisigino chake kikaifunika taa kila alipokanyaga. Nililiziba kwa kipande cha mninga, nikarefusha nyaya, nikatoboa upya.